Kabla ya Kuunda Chombo Chako, Fuata Kwanza Njia ya Voyager 2

Kijana mmoja wa Gulu ameniandikia: "Mwalimu, nimepakua Celestia, ile programu ya kusafiri angani kwenye kompyuta. Nimeunda chombo changu kiende Zohali, lakini kinapenya sayari katikati na kutokea upande wa pili. Nisaidie."

Jibu langu atalichukia: kiweke kando hicho chombo kwanza. Karibu kila anayeniandikia ana chombo chake, keshakipa jina na kukichorea bendera ya Uganda ubavuni. Sawa, hata mimi ninacho. Lakini chombo cha kubuni hakina wa kukusuta. Kikipotea njia, utajuaje kama kosa liko kwenye hesabu, kwenye faili, au kwenye programu? Chombo kilichosafiri kweli kina kumbukumbu, na ukipotoka unajua papo hapo.

Mimi nilimchukua Voyager 2, chombo cha NASA. Alirushwa tarehe 20 Agosti 1977, akapita Mshtarii Julai 1979, Zohali Agosti 1981, Uranus Januari 1986 na Neptune Agosti 1989. Hakuna chombo kingine kilichozipitia zote nne. (Ndiyo, namwita "yeye". Tumeishi pamoja muda mrefu.)

Namba zake zinapatikana bure kwenye mfumo wa Horizons wa JPL, maabara ya NASA. Mlengwa andika -32, ndiyo namba yake humo. Omba jedwali la vekta, yaani mahali alipo na mwendo wake, kwa kilomita na sekunde, kwenye bapa la ekliptiki (lile Dunia inamozungukia Jua) la J2000, yaani kama lilivyokuwa mwaka 2000. Kitovu kiwe Jua lenyewe, si kitovu cha uzito cha mfumo mzima wa Jua, kwa sababu viwili hivyo huweza kuachana kwa zaidi ya kilomita milioni moja. Kwenye faili la Celestia unabakiza safu nne tu: tarehe ya Julian (hesabu ya siku mfululizo, bila miezi wala miaka), kisha x, y na z. Kusafisha hayo majedwali ni kazi ya kuchosha, wala sitaisimulia. Faili la njia na lile la maelezo ya chombo yanaingia kwenye folda ya extras, basi.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wa huyu ndugu wa Gulu. Nadhani mistari ya faili lake imeachana siku nzima nzima. Katikati ya sayari na sayari hakuna shida, kwa kuwa njia imenyooka karibu kama uzi. Lakini karibu na Neptune, Voyager 2 alikuwa akienda zaidi ya kilomita milioni moja kwa siku, na Neptune yenyewe ina kipenyo cha kilomita 49,500 hivi. Kona yote inaisha kabla mstari wa pili haujafika! Programu haijui kilichotokea hapo kati, inaunganisha nukta mbili tu, na sayari ikiwa njiani inatobolewa. Kwa hiyo omba nukta za kila siku kwa safari ndefu, na za kila dakika chache kwa siku ya kuikaribia sayari na siku zinazoizunguka. Ziunganishe kwa kufuata tarehe. Rudia kwa kila sayari. Narudia: kwa kila sayari.

Nilipomaliza, nilizichukua safu za mwendo, VX, VY na VZ, nikakokotoa kasi kwenye Excel na kuchora grafu. Mshtarii alimpandisha kutoka kilomita 10 hivi kwa sekunde hadi zaidi ya 20. Lakini baada ya Neptune mwendo ulikuwa umepungua kuliko kabla ya kufika.

Grafu hiyo niliipeleka kwenye maonyesho fulani ya sayansi Kampala. Jaji mmoja akaitazama, akacheka, akaniambia mbele ya watu kwamba sayari huongeza mwendo, kwa hiyo faili langu bovu, na tena hii ni katuni tu ya kupakuliwa. Nilikuwa na jibu, lakini sikupewa nafasi ya kulisema. Nilirudi Tororo na basi la usiku, laptopu mapajani, sikuongea na mtu.

Basi nalisema leo. Sayari inatembea kulizunguka Jua. Chombo kikipita nyuma yake huvutwa kuelekea inakokwenda, kikaondoka na mwendo zaidi. Kikipita mbele yake, hupunguzwa. Mariner 10, chombo kingine cha NASA, alipunguzwa makusudi na Zuhura Februari 1974 ili aanguke ndani kuelekea Utaridi. Na kule Neptune hapakuwa na sayari nyingine ya kukimbilia. Wapangaji waliutaka mwezi wake, Triton. Walimpitisha Voyager 2 juu ya ncha ya kaskazini ya Neptune, kilomita 5,000 hivi kutoka mawinguni, ili mvutano umpinde kuelekea huko. Mwendo ukapotea, Triton ikapatikana. Grafu yangu ilikuwa sahihi, mheshimiwa.

Vijana, msiogope kicheko cha mtu aliyeketi kwenye meza ya majaji. PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliporushwa Novemba 2022 sote tulishangilia, lakini ni wangapi kati yetu waliofungua programu kuitafuta njia yake? Tunapenda kupiga makofi. Kukaa na majedwali, umeme ukikatika, bando likiisha, hapo ndipo wengi wanapokimbia. Msikimbie. Zipakueni namba zote siku mtandao ukiwa mzuri, kazi inayobaki haihitaji intaneti.

Wewe wa Gulu, ukimaliza faili lako la Voyager 2 weka tarehe 25 Agosti 1989, nenda Neptune, punguza kasi ya saa kwa kubonyeza K. Anapaswa kupita juu ya ncha ya kaskazini, halafu saa tano hivi baadaye awe Triton, kama kilomita 40,000 kutoka kwake. Akichelewa au akitoboa kitu, nitumie faili lenyewe. Picha ya skrini hainisaidii.