Kiwanja, kisima na choo: majibu kwa wasomaji wa Lamu

Wengine wanataka viwanja vipya visipungue nusu ekari ili mji usibanane. Mwasemaje? (Wiyoni)

Twapinga. Ekari ina futi mraba 43,560. Ukipitisha barabara ya futi 30 katikati, unapata, kwa hesabu ya eneo, takriban viwanja 7 vya futi 50 kwa 100. Kwa kanuni ya nusu ekari, barabara na bomba vya familia 7 vitahudumia zisizozidi 2, na kijana wa mshahara wa kima cha chini hanunui tena.

Hofu ya choo kuchafua kisima katika viwanja vidogo, hata hivyo, ni ya kweli. Kisima na shimo la choo hushauriwa kuachana mita 30. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30: ukilikwepa shimo lako, la jirani liko nyuma ya ukuta, na mchanga wetu hupitisha maji upesi. Dawa ni maji ya bomba na tangi la majitaka lisilovuja, linyonywe kabla halijafurika. Houston, Marekani, mwaka 1998 ilishusha kima cha chini cha kiwanja katika mitaa ya ndani kutoka futi mraba 5,000, ukubwa uleule wa 50 kwa 100, hadi 1,400 kwa masharti. Lakini wenzetu wale wana mabomba ya majitaka.

Mbona Mji wa Kale umebanana na wasifiwa? (Langoni)

Umebanwa kwa ustadi. Kuta nene za matumbawe huzuia joto, wikio (chumba cha juu kinachovuka njia) hutia kivuli njiani, na kiwanda cha ndani (ua ulio wazi juu, ndani ya nyumba) huvuta hewa. Kosa tunaloliona sana ni kukiezeka kiwanda bati ili kupata chumba cha kupangisha. Vyumba vya pembeni hukosa upepo, ukuta hushika unyevu, chokaa hubanduka. Kisha fundi hupiga plasta ya saruji, unyevu ukafungiwa ndani na boriti zikaoza. Tafadhalini, acheni kiwanda wazi.

Ndugu yangu aweza kupata hati ya ghorofa ya juu? (Mkomani)

Ndiyo, kwa sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo. Mpimaji achore ramani ya sehemu, isajiliwe. Kama ardhi ni ya mtu mwingine, anzeni kwake.

Kwa nini tusijenge kwenye vilima vya mchanga vya Shela?

Kwa sababu ndivyo vinavyotunywesha. Mvua huzama mchangani, maji matamu yakakaa juu ya ya chumvi. Mashimo ya vyoo huyachafua. Visima vingi vikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, na kuirudisha chini huchukua miaka. Huko hata nyumba moja kwa nusu ekari ni nyingi. Nafasi ya kujenga itafutwe ndani ya mji, kwenda juu.