Kabla Simu ya Ng'ambo Haijapanda Ndege

Desemba ikikaribia, jamaa zangu hapa Kisumu huanza kuniuliza: ndugu yangu wa Marekani anataka kuniletea simu, itashika laini za huku? Huwa nawaambia, kabla hajailipia, akutumie namba ya modeli. Jina la simu peke yake halitoshi, maana simu moja hutolewa kwa matoleo kadhaa, la Marekani, la Ulaya, la Asia, na masafa ya redio ambayo kila toleo linashika, yaliyogawanywa kwa bendi zenye namba, hutofautiana.

Namba hiyo naitafuta kwenye GSMArena, tovuti inayoorodhesha sifa za simu, au tovuti ya mtengenezaji. Kwa 4G natafuta bendi ya 3, yaani MHz 1800, na bendi ya 20, yaani MHz 800. Hiyo ya 20 watu huipuuza, nami ndiyo ninayoing'ang'ania. Masafa ya chini hufika mbali na hupenya kuta, kwa hiyo simu isiyo nayo yaweza kwenda kasi ukiwa Oginga Odinga Street, kisha ukifika kwa wazazi Nyakach au Alego ikashuka hadi 3G au 2G. Simu za bei nafuu zilizotengenezewa soko la Marekani hujaa bendi za 12, 13, 66 na 71, ambazo huku hazikusaidii. Kwa 2G na 3G sina wasiwasi; karibu kila simu ina MHz 900 na 2100.

Anayetaka laini ya mtandao wa Faiba aulizie bendi ya 28 na VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G. Mtandao huo hauna 2G wala 3G, hivyo simu isiyoweza kupiga kupitia 4G yao itabaki na intaneti tu.

Masafa yakilingana, bado kuna kufungwa. Kampuni za Marekani huuza simu kwa mkopo na kuzifunga zitumie laini zao pekee. Simu kama hiyo inawaka, inapiga picha, inashika WiFi, ila laini ya Safaricom inaikataa. Kwenye iPhone, ndugu afungue Settings, General, kisha About. Penye Carrier Lock pawe pameandikwa No SIM restrictions. Mwenye haki ya kuifungua ni kampuni iliyoifunga, deni likishalipwa. Fundi akikuahidi kuifungua kwa elfu chache, kataa. Nimeona simu zilizofunguliwa hivyo zikijifunga tena baada ya kusasishwa.

Jambo jingine: iPhone 14 na zilizofuata, zikinunuliwa Marekani, hazina tundu la laini. Zinatumia eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomoa. Safaricom na Airtel wanayo, lakini mama aliyezoea kuchomoa laini na kuirudisha kwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, chaji ikiisha atahangaika. Kwa mzazi kama huyo ningeagiza simu nyingine.

Ikifika, tia laini, piga *144# uone salio, mpigie mtu, tuma M-Pesa kidogo. Kisha ipeleke unakoishi. Mtu wa Bondo aijaribu Bondo, ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa.

Na kama unanunua simu ya ng'ambo dukani hapa mjini, patana na muuzaji kabla ya kutoa pesa kwamba utairudisha ikikataa laini nyumbani kwako, na hilo aliandike kwenye risiti. Ninaonunua kwao hukubali siku chache. Asiyekubali, nenda duka la pili.