Hela inakata tarehe 20? Anza na stoo

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje ili chakula cha watu sita hapo Uyole kifike mwisho wa mwezi, maana hela inakata tarehe 20. Usianze na ratiba ya siku 30, utaichoka. Anza na stoo.

Mshahara ukitoka tu, nunua vikavu vya mwezi mzima kwa mkupuo. Mahindi chukua kwa debe, ukasage mwenyewe. Kwangu pia tuko sita na mlo mmoja unakula kilo 1 ya unga, kwa hiyo ugali wa kila jioni ni kilo 30. Saga dona, watoto wanashiba zaidi. Ila dona haikai kama sembe. Kiini cha mahindi kina mafuta, unga unachacha. Saga nusu sasa, nusu katikati ya mwezi. Maharage nusu kilo kwa mlo, mara 3 kwa wiki, na uyaloweke usiku, mkaa utapungua sana. Mchele wa Kyela ni mtamu, najua, lakini uwe wa Jumapili na wageni.

Gunia la viazi usinunue kama huna pa giza pa kuviweka. Mwanga unavigeuza kijani, na vya kijani vina sumu.

Hela ya mboga na dagaa igawe bahasha nne, moja kila wiki. Asubuhi chemsha ndizi za Tukuyu au magimbi badala ya mkate. Mimi mkate ndio ulikuwa unanimaliza.