Randa Usiinunue kwa Rangi

Fundi, nimemaliza kujifunza useremala hapa Kakamega na nina shilingi 8,000 za kuanzia. Ninunue lile sanduku la vifaa vyote kwa pamoja?

Liache dukani. Nusu ya vilivyomo hutavigusa. Chukua msumeno, nyundo, randa kuukuu nzuri ya kulainishia ubao, patasi mbili (nusu inchi na inchi moja), skwea ya kupimia pembe mraba, na jiwe la kunolea. Jiwe ndilo vijana husahau, halafu wanalalamika patasi mpya haikati. Patasi ya dukani bado haijanolewa!

Skwea ijaribu papo hapo. Omba kipande cha ubao ulionyooka ukingo, egemeza skwea ukingoni, chora mstari, ugeuze skwea upande wa pili, uchore tena palepale. Mistari ikilaliana, lipa. Ikiachana hata kwa upana wa unywele, mrudishie mwenyewe.

Fundi, nimeona randa ya chuma ya mtumba pale soko la Kibuye, Kisumu, ina kutu. Niichukue?

Kutu ya juujuu haiui randa, msasa utaiondoa. Kinachoua ni ufa. Ng'oa kisu, ugeuze randa, uangalie mdomo kisu kinapotokea, hasa kwenye pembe zake. Kisha simamisha rula ya chuma upande wa chini, uinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, randa imebonyea na itakusumbua. Kisu chenyewe kikague mgongoni karibu na makali: kutu ikishachimba vishimo hapo, utanoa mpaka uchoke. Zungusha na skrubu ya kurekebisha, isiwe imeganda.

Mimi niliwahi kununua randa iliyopakwa rangi ya buluu ikang'aa kama ya harusi. Wiki ya pili rangi ikabanduka mdomoni, kumbe chini yake kuna puti imeziba ufa. Randa hiyo ni chuma cha kalibu, yaani cha kumiminwa, nacho hakishiki kulehemu ovyo, kwa hiyo hadi leo inazuia mlango wa karakana usijifunge. Tangu hapo randa yenye rangi mpya naiogopa kuliko yenye kutu.

Mnoaji wa Busia amekataa kutia tupa msumeno wangu. Meno yake ni meusi-buluu. Ana dharau?

Hapana, anaokoa tupa yake. Meno hayo yamekomazwa kwa moto kiwandani, tupa inateleza tu. Yakiisha, umeisha msumeno. Ukitaka wa kunoa, tafuta wenye meno ya rangi sawa na bapa lake.

Shemeji ameniletea drili kutoka Marekani. Nichomeke tu?

Usithubutu. Ile imeundwa kwa volti 120, na ukuta wako una 240. Tafuta transfoma inayobeba wati zake, au uiuze.

Niko Nakuru. Patasi yangu hukata saiprasi vizuri, lakini kwenye mvule imemegeka makali. Nimeuziwa feki?

Huenda patasi haina kosa. Mvule una tabia ya kuficha mawe ndani, chokaa iliyogandamana mti ungali hai, na chuma kizuri pia humegeka kikikutana nayo. Noa upya, safari hii kwa pembe ya digrii 30 badala ya 25, makali yapate unene. Ukiona doa jeupe gumu kwenye ubao, lichokoe kwanza kwa patasi kuukuu. Na ufunge pua, vumbi la mvule linawasha.