Wanawake wa mkutano wenu

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imenifika, marahaba baba. Umeniuliza: mkutano wenu wa teknolojia hapo Dar es Salaam mmeutangazia wake kwa waume, lakini walioomba kuzungumza ni wanaume watupu. Mmekosea wapi?

Kompyuta siijui, ila mikutano naijua. Enzi zile nabangua korosho, tangazo la mkutano wa chama cha msingi lilibandikwa ukutani pale ghalani. Tulilipita kila siku na ndoo kichwani, wala hapakuwa na mwanamke aliyeona linamhusu. Siku moja katibu, mzee wa watu, akapiga hodi hadi uani kwangu. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, nikavificha kwenye khanga. Akasema, "Mama, Jumamosi utasimama utueleze kwa nini korosho zinavunjika wakati wa kubangua." Hakuniuliza kama naweza. Alinitajia siku, akanitajia na jambo ninalolijua. Nikaenda, nikasema. Mkutano uliofuata tulikwenda watano.

Hata hao wa PyCon ya Marekani ulionisimulia, ule mkutano wa waandika programu za kompyuta, ndivyo walivyofanya. Mwaka 2011 wanawake walikuwa kama asilimia 1 ya wazungumzaji, 2016 wakafika 40. Hawakukaa kusubiri, waliwafuata wanawake mmoja mmoja, wakawahimiza walete mada.

Nimemuuliza binti wa mama yako mdogo kule Lindi, yule aliyesomea kompyuta, mbona hakuomba. Akanijibu, "Mama mkubwa, pale wanatakiwa wataalamu, mimi bado najifunza." Na ndiye aliyekiandikia chama chao programu ya kutunza hesabu za mizani ya ufuta! Niliumia, mwanangu. Wangapi wamejitoa hivyo hivyo kimyakimya, nanyi mkadhani hawapo?

Halafu ana mtoto wa kunyonya. Nauli yake na ya mtu wa kumshikia mtoto, pamoja na chumba cha kunyonyeshea hapo ukumbini, mvitaje kwenye mwaliko wenyewe. Msingoje aombe, hataomba.

Mpigie wewe, usinitume mimi. Piga baada ya magharibi, mtoto akishalala. Mwambie unataka aje aeleze ile mizani ya ufuta, na umtajie siku.

Mama yako