Tunahamia maji ya kina, nami sijui kuogelea

SWALI: Asalaam alaykum Bi Mkubwa. Nina miaka 36, nalima mwani hapa Jambiani, Unguja, tangu msichana. Kikundi chetu kimepata boti na kamba za kulimia kotonii, ile aina ya mwani yenye bei, kwenye maji ya kina. Wenzangu saba wamekubali, mimi nimesema nitafikiri. Ukweli ni kwamba sijui kuogelea, na maji yakinifika kifuani moyo unakwenda mbio. Mume wangu hana neno. Nikibaki na vijiti vyangu vya ufukweni, nitaonekana nimerudi nyuma?
Mkulima, Jambiani

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nami nimelima mwani, Paje, tangu miaka ile ya mwanzo. Kilimo hiki cha biashara kilipoingia kwetu mwaka 1989, tulikifuata na vijiti vyetu na taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia mbegu. Tulishuka wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, maji yakipwa, tukafunga mbegu tumeinama. Yakianza kujaa tukarudi. Miaka yote hiyo nikaitwa mtu wa bahari, na bahari yenyewe haijawahi kunipita kiunoni.

Kwa hiyo sitakwambia ujikaze. Hofu yako ina akili. Ungepanda boti hiyo kwa kuwa wenzako saba wamepanda, hapo ningeogopa mimi.

Lakini kubaki ufukweni nako kuna hesabu yake, na unaijua. Kotonii ina bei kuliko spinosam, ule mwani mwingine tunaoulima, na ndiyo isiyostahimili joto. Maji ya pwani yakichemka, matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, unakuta kamba tupu. Kwenye kina maji hayapati moto namna ile. Wenzako wanaifuata mbegu inakopona.

Mimi nilijifunza kuelea nikiwa na miaka 44, nina wajukuu wawili. Alinifundisha binti wa jirani. Tulichagua siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, kwani bamvua maji yanavuta, tena maji mafu hatuna kazi shambani. Tulikwenda asubuhi mapema, maji ya kiunoni, nimevaa suruali na fulana ya mikono mirefu, mtandio nimeufunga nyuma. Dera likilowa linazonga miguu. Siku ya kwanza kazi ilikuwa moja tu, kutia uso majini na kutoa pumzi. Nilishindwa. Siku ya pili niliweza, nikalia pale pale. Siku ya sita akanilaza chali, mkono wake chini ya mgongo wangu, akaniambia nijaze kifua pumzi na shingo niiache ilegee. Maji ya chumvi yanabeba, mwanangu. Mtu akijikakamaza, akainua kichwa na kupigapiga mikono, ndipo anapozama. Sikujua alipoutoa mkono. Masikio yalikuwa ndani ya maji, nikawa nasikia pumzi yangu tu.

Waambie wenzako hayo uliyoniandikia mimi. Sidhani kama uko peke yako; kati ya hao saba huenda yupo aliyenyamaza tu. Tafuteni mwanamke wa kuwafundisha. Na siku ya boti, kila mmoja awe amevaa jaketi okozi na kulifunga, lisiwe limetupwa chini ya ubao. Hilo usilionee haya hata nahodha akicheka. Wakati unajifunza, omba kazi za nchi kavu: kufunga mbegu kwenye kamba, kuanika, kupakia magunia. Ni kazi kamili, na mgawo wako uandikwe kama wa wengine. Vijiti vyako vya spinosam usiving'oe kwanza.

Umeuliza kama utaonekana umerudi nyuma. Wanaokuona ni hao hao mtakaoshika kamba moja. Watataka kujua kama ukianguka majini utaweza kutulia mpaka wakufikie, na hilo linafundishika.

Ngoja maji mafu yajayo, nenda na mtu mmoja unayemwamini. Ukiweza kulala chali mpaka uhesabu hamsini, niandikie tena.