Rubabu ya Molo inanyong'onyea Kisumu: nifanyeje?

SWALI: Mtaalamu, Disemba mama yangu wa Molo alinikatia kishina cha rubabu (rhubarb), ile ambayo vijiti vyake hupikwa jemu, nikaja kukipanda nyuma ya nyumba hapa Mamboleo, Kisumu. Yake ina vijiti vinene, vyekundu. Yangu ni vyembamba kama penseli, vya kijani, na tangu mvua za Aprili majani yanalala. Nilitia samadi nyingi na kufunika vizuri kwa udongo. Jirani naye anauliza kama majani yanapikwa kama spinachi.

JIBU: Dada, nianze na jirani, maana lake halingoji. Majani ya rubabu ni sumu. Kinacholiwa ni kikonyo peke yake, kile kijiti kinachobeba jani. Majani yana asidi ya oksaliki kwa wingi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Uingereza, watu walishauriwa wayale kwa uhaba wa mboga; wakaugua, na kuna waliokufa. Wala asidhani kutia magadi, kama tunavyolainisha mrenda, kutaondoa sumu: magadi huifanya asidi hiyo iyeyuke zaidi. Hata mbuzi asipewe. Yatupe kwenye shimo la mboji; yakishaoza hayana neno.

Sasa mmea wenyewe. Katika picha uliyotuma sioni jicho (chipukizi) hata moja, umeyazika yote. Rubabu si kiazi. Macho yake hukaa usawa wa udongo, au chini yake kwa unene wa kidole tu. Na udongo wako ni ule mweusi wa kunata, unaopasuka kiangazi na kushika maji masika. Macho yakizikwa kwenye tope hilo, na samadi juu, huoza. Fukua kwa mkono, taratibu, kisha ubonyeze: kishina kizima ni kigumu kama nduma mbichi, kilichooza ni laini, cha kahawia, na kinanuka. Kikiwa kimeoza upande mmoja, kata mpaka ufikie nyama safi, ukiache kivulini siku moja kidonda kikauke, halafu ukipande juu ya tuta la futi moja lenye mboji iliyoiva.

Ila nisikufiche: tuta halibadilishi hewa ya Kisumu. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ninyi takriban 1,130, na mchana wenu hufika nyuzi 30 mara kwa mara. Rubabu asili yake ni nchi za baridi za Asia. Joto likipita nyuzi 25 hivi, vikonyo huanza kukonda. Rangi isikusumbue. Kikonyo cha kijani si kichanga, hupikwa vilevile. Upe mmea jua la asubuhi, kivuli kuanzia saa tano, na matandazo ya nyasi kavu yasiyogusa macho. Utapata vya kupika mara moja moja, si vya kujaza sufuria kama vya mama.

Ningekuwa Mamboleo, na ninachotaka ni jemu nyekundu yenye uchachu, mimi ningepanda rozela (hibiscus). Inapenda joto hilohilo linaloiua rubabu, na vile vikombe vyekundu vya maua yake vina pektini inayogandisha jemu bila kukuhangaisha.

Ukishikilia rubabu, usivune kitu mwaka huu. Mwaka wa pili vuta vichache: shika kikonyo chini kabisa, zungusha huku ukivuta, kitoke chote. Kisu huacha kisiki, na kisiki huoza. Shina la maua likichomoza likate mapema, maana linanyonya nguvu ya mzizi.

Na kama hiki kimeoza chote, mwombe mama kingine kutoka kwenye mmea wa miaka minne au mitano. Kiwe na macho mawili au matatu yaliyovimba, na kisafiri kwenye gunia lenye unyevu, si ndani ya buti ya matatu mchana kutwa.